Kutafuta Mafutha: Siku Saba Kati ya Secunda na Lephalale

Ninafundisha kemia katika sekondari moja wilayani Mbinga, kandokando ya barabara inayotokea Kitai. Tangu mwaka 2022 malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka yanapita mbele ya madarasa yetu usiku na mchana, yakielekea bandari ya Mtwara. Mwaka huohuo petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili alinyoosha kidole akauliza: "Mwalimu, Afrika Kusini wanageuza makaa kuwa petroli. Sisi kwa nini tunayapakia melini?"

Nilimjibu kwa kifupi, na jibu langu halikuniridhisha. Katika kusoma ndipo nikakutana na jina Mafutha. Ulikuwa mradi wa kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini, uliotangazwa miaka ya 2000 ikielekea ukingoni: mtambo mpya wa kugeuza makaa ya mawe kuwa mafuta, mapipa 80,000 kwa siku, katika eneo la Waterberg, mkoa wa Limpopo. Jina ni la Kizulu, na ni neno letu lilelile lenye h moja zaidi. Mtambo haukujengwa. Nikajiuliza imekuwaje, maana Afrika Kusini wanaifanya kazi hii tangu miaka ya 1950. Likizo ya Juni 2024 nikaenda kuona: kwanza Secunda, mji wenye mitambo ya Sasol inayofanya kazi, kisha Lephalale, mji wa Waterberg ambako Mafutha ungejengwa. Nimeandika haya kutoka kwenye daftari langu na picha za simu.

Jumatano, 12 Juni. Dar es Salaam hadi Johannesburg

Ndege, foleni ya uhamiaji, mzigo, basi. Tiketi ya kwenda na kurudi niliinunua miezi mitatu kabla kwa shilingi 1,080,000. Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya hadi siku 90, ila uwe na tiketi ya kurudi na anwani ya unakofikia.

Nilifikia kwa binamu yangu Yeoville. Mtaa ule umejaa Wakongo, na sokoni unanunua kwa Kiswahili bila shida, japo cha kwao. Mama aliyeniuzia sombe na bukari, yaani kisamvu na ugali, aliposikia naenda Secunda alinitazama kisweta changu chembamba. "Yaya, kule baridi ni mingi," akasema, akamtuma mtoto wake akaniletee koti lake la manyoya. Nilimuuliza nimlipe kiasi gani. "Utarudisha." Koti lile lilinivusha safari nzima.

Alhamisi, 13 Juni. Johannesburg hadi Secunda, kama kilomita 130

Daladala zao wanaziita teksi. Haziondoki mpaka zijae, na asubuhi hiyo tulikaa saa moja na dakika arobaini tukisubiri abiria wa mwisho. Nauli randi 140. Randi moja nilibadilisha kwa karibu shilingi 143. Hakuna konda. Abiria wanapitisha pesa kutoka viti vya nyuma kuja mbele, na aliyekaa pembeni ya dereva ndiye anayehesabu na kurudisha chenji. Nilikuwa nimekaa hapo. Mzee wa nyuma yangu aliniona nahangaika na sarafu nisizozizoea, akainamia kiti changu akaanza kunisomea hesabu polepole hadi ikakaa sawa. Kama hupendi kazi hiyo, kaa safu ya pili.

Njia ni tambarare, nyasi zimekauka rangi ya mkate. Tulipita Leandra na Kinross. Kinross mzee yule alivua kofia: Septemba 1986 watu 177 walikufa katika mgodi wa dhahabu pale kwa moto na moshi wa sumu. Akaivaa tena tukaendelea.

Secunda unaiona kabla hujafika. Kwanza mvuke mweupe uliotanda kama wingu lililokataa kuondoka, halafu mabomba ya moshi, moja lina urefu wa mita 301. Kisha harufu ya yai viza, ambayo ni salfa. Baada ya saa mbili pua yangu iliizoea, na hilo lilinitia hofu kuliko harufu yenyewe.

Jina la mji lina maana ya "wa pili". Mtambo wa kwanza ulijengwa Sasolburg ukaanza kutoa mafuta mwaka 1955. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 serikali ya makaburu ikaamua kujenga wa pili hapa, na Shah wa Iran, aliyekuwa akiwauzia mafuta, alipoanguka mwaka 1979 wakaongeza wa tatu pembeni yake. Msomaji anayetaka kulinganisha na kwetu ashike hapo. Mitambo ile ilijengwa na dola iliyoogopa kukatiwa mafuta na dunia, na gharama haikuwa swali lake la kwanza. Wapigania uhuru waliijua thamani yake: tarehe 1 Juni 1980 wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, walilipua matangi Sasolburg na Secunda usiku mmoja.

Nililala gesti Embalenhle, randi 350, blanketi tatu.

Ijumaa, 14 Juni. Secunda

Asubuhi maji ya kwenye ndoo nje yalikuwa yameganda juu. Nikaenda kwenye kibanda cha mama anayeuza magwinya, ambayo ni maandazi yetu yasiyo na sukari, yakijazwa maini au chipsi. Matatu na chai randi 22. Alinisogezea kiti karibu na jiko lake la makaa, makaa ya mawe hasa, yenye moshi mzito, akaniambia nisione haya.

Kiwandani huingii bila miadi ya muda mrefu, na mlinzi alinisihi nisipige picha ya lango. Zingatieni: mitambo ya nishati nchini kule inalindwa kisheria, piga picha ukiwa mbali barabarani au usipige kabisa.

Bahati yangu ilikuwa pale kibandani. Mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi kwenye matanuri ya gesi miaka 27, alisikia kwamba ni mwalimu wa kemia, akavuta ndoo akaketi. "Mwalimu," alisema, "watu wanadhani tunakamua makaa kama karanga. Hakuna mafuta ndani ya kukamua. Tunayavunja mpaka yawe gesi, halafu tunajenga upya."

Ndivyo ilivyo. Makaa yanaingizwa tanurini pamoja na oksijeni na mvuke wa maji, kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, yanatoka kaboni monoksaidi na haidrojeni. Gesi hiyo inasafishwa, inapitishwa kwenye kichocheo cha chuma, na humo molekuli zinaungana kuwa minyororo: petroli, dizeli, nta. Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch waliigundua njia hii miaka ya 1920 huko Mülheim, na hadi leo inaitwa kwa majina yao.

Nilichukua daftari nikamwonyesha hesabu ninayowapa wanafunzi, naye akacheka kwa furaha kama aliyekutana na rafiki wa zamani. Katika petroli, kila atomi moja ya kaboni inataka takriban atomi mbili za haidrojeni. Katika makaa ya mawe haifiki hata moja. Pengo hilo linazibwa kwa maji: mvuke unavunjwa, haidrojeni inabaki kwenye mafuta, na oksijeni inaondoka imeshikana na kaboni, yaani hewa ukaa. Kwa hiyo maji hapa ni malighafi, sawa na makaa yenyewe, mbali na yale ya kupoozea mitambo. Na hewa ukaa inatoka kwa sababu ya kemia yenyewe, hata mtambo uwe mzuri namna gani. Secunda inatoa zaidi ya tani milioni 50 kwa mwaka. Inatajwa kuwa sehemu moja inayotoa hewa ukaa nyingi kuliko nyingine yoyote duniani.

"Na maji yanatoka wapi?" nikamuuliza. Akanyoosha mkono kusini. "Bwawa la Grootdraai, mto Vaal. Pasipo Vaal hapa pangekuwa malisho ya ng'ombe."

Mchana niliomba kuongozana na dereva aliyekwenda kujaza mafuta. Lita ilikuwa karibu randi 24. Nilimuuliza kijana wa pampu kama petroli ile inatoka pale ng'ambo. Akatikisa kichwa kukubali. Tukiwa tunaitazama milingoti ileile ya moshi, bei haikuwa na punguzo, kwa kuwa serikali inapanga bei ya petroli kila mwezi ikifuata soko la dunia. Kutoka chini ya miguu yako hakuifanyi iwe rahisi kwako. Nyumbani wengi tunaamini vinginevyo, nami niliamini.

Usiku gesti nzima ilikaa mbele ya runinga. Bunge jipya lilikuwa linamchagua rais, na hadi naenda kulala walikuwa bado wanahesabu kura. Mwenye gesti alinigongea mlango kunijulisha kuwa ni Ramaphosa tena.

Jumamosi, 15 Juni. Secunda, Johannesburg, kisha Lephalale

Siku ya kuchosha. Jumapili ilikuwa 16 Juni, sikukuu ya kuwakumbuka vijana wa Soweto, na kwa kuwa imeangukia Jumapili, Jumatatu nayo ni mapumziko. Kila mtu alikuwa anakwenda kwao. Johannesburg nilisubiri teksi ya Lephalale kutoka saa nne asubuhi hadi saa nane na nusu mchana. Nauli randi 290. Kwenye safari ndefu wanakuandikisha jina na namba ya ndugu wa kupigiwa kama kuna ajali, usishtuke.

Barabara kuu ya N1 ni nzuri hadi Modimolle, ina vituo vya kulipia ambavyo tayari vimo kwenye nauli. Baada ya hapo ni njia nyembamba kupitia Vaalwater, malori mengi, mashimo, na giza lilitukuta milimani. Swala wanavuka. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa, namshukuru.

Tulifika saa mbili na nusu usiku na simu yangu imezima. Abiria mwenzangu, muuguzi anayefanya kazi Johannesburg na kwao ni Marapong, mtaa wa kando ya Lephalale, hakuniacha stendi. Kaka yake alipokuja kumchukua walinizungusha gesti tatu. Ya tatu ikawa na nafasi, randi 400. Wakanipigia hodi kesho yake na uji wa mtama.

Jumapili, 16 Juni. Marapong

Majina ya huku yanasimulia kila kitu. Marapong ni "penye mifupa". Kituo cha umeme kilichoning'inia juu ya mtaa ni Matimba, "nguvu" kwa Kitsonga, megawati 3,990. Ng'ambo yake ni Medupi, jina la mvua ya taratibu inayolowesha ardhi iliyokauka, megawati 4,764, kilichoanza kujengwa 2007 na kukamilika 2021. Mgodi unaovilisha vyote viwili kwa mikanda mirefu ni Grootegeluk, "bahati kubwa". Na kile ambacho kingejengwa ni Mafutha.

Vituo vyote viwili vinapoozwa kwa hewa. Nilitembea kilomita nzima nikiitafuta minara mikubwa ya mvuke niliyozoea kwenye picha za vitabu, hakuna. Hakuna maji ya kuchezea. Mchanga mwekundu, miiba, uzio wa mashamba ya wanyamapori. Mvuke ule wa Secunda uliofunika anga, hapa hauwezekani.

Nilianza kuulizia Mafutha. Vijana hawakulijua kabisa jina hilo kwa maana ya mtambo. Mmoja alidhani natafuta duka la mafuta ya kupikia. Yule kaka wa muuguzi ndiye aliyenipeleka kwa mama yao mdogo, mwenye nyumba yenye vyumba tisa vya kupangisha uani.

"Nilijenga vitano kwa ajili ya Medupi," alinieleza tukila pap, morogo na masonja. Pap ni ugali wetu, morogo ni mboga za majani za porini, masonja ni viwavi wa mopane waliokaushwa, watamu wakikaangwa na nyanya. "Vinne nilivijenga kwa ajili ya hicho unachokitafuta. Mkutanoni walisema mtambo wa mafuta unakuja, na mji mpya utakuja nao. Walikuja watu wakachimba shimo la majaribio, wakapakia makaa kwenda kuyapima. Tukasema basi, sasa tayari."

Ujenzi wa Medupi ulipokuwa unakamilika maelfu waliondoka. Mafutha hakufika. Vyumba vitatu vina kuku.

Hakusema kwa hasira. Alinifungulia kimoja kimoja, akanionyesha sakafu aliyoipaka mwenyewe rangi nyekundu. Nilipiga picha ya sakafu hiyo, kwa ruhusa yake, na ndiyo picha ninayoiangalia mara nyingi zaidi kuliko zote. Katika karatasi zote nilizosoma kuhusu mradi ule, za mapipa na mabilioni, vyumba vinne vya mama huyu havimo.

Jumatatu, 17 Juni. Bwawa la Mokolo

Usafiri wa umma kwenda bwawani hakuna. Mwenye gesti alikuwa anakwenda upande huo kuchukua mbuzi, akakubali kunibeba kwenye pikapu lake. Alikataa pesa, akakubali nimnunulie dizeli ya randi 200.

Bwawa la Mokolo lilikamilika mwaka 1980. Ukilitazama kutoka juu ni la kupendeza, maji ya kijani kati ya majabali mekundu. Ila hesabu wanaonywea: mji wa Lephalale, mgodi, Matimba, Medupi, na wakulima wa chini ya mto. Medupi pekee, ikifungiwa mitambo ya kuosha salfa kwenye moshi kwa njia ya maji kama ilivyopangwa, itataka zaidi. Mpango wa kuleta maji mengine kwa bomba refu kutoka mto Crocodile, upande wa Thabazimbi, umezungumzwa kwa miaka mingi na umechelewa kwa miaka mingi.

Hapo ndipo nilipolielewa jibu nililolifuata. Waterberg ina sehemu kubwa ya makaa ya mawe yaliyobaki Afrika Kusini. Ujuzi upo, wataalamu wapo Secunda, reli ipo. Kilichokosekana ni atomi ile ya pili ya haidrojeni. Mtambo wa mapipa 80,000 ungekuja kuomba maji hapa, katika foleni ambayo tayari ilikuwa ndefu. Kisha wangehitaji mahali pa kuihifadhi hewa ukaa, na mabilioni ya kujengea kila kitu kuanzia sifuri, pamoja na mkono wa serikali kama ule wa miaka ya 1970. Sasol iliuweka mradi pembeni, na mwaka 2021 ikaahidi kupunguza gesi zake kwa asilimia 30 ifikapo 2030. Sioni namna ahadi hiyo na Mafutha vinavyoweza kukaa nyumba moja.

Mwenye gesti alisimama nami ukutani mwa bwawa. Nilimwambia kwetu maji ni maji. Akasema kwao ni metsi, na kwa Wazulu amanzi. Tukayataja mpaka mbuzi wakaanza kulia kwenye pikapu.

Asubuhi kabla ya safari hiyo nilikuwa nimejaribu kuliona shimo la majaribio. Barabara ya vumbi iliishia kwenye geti la shamba la wanyamapori lenye kufuli, nikarudi.

Jumanne, 18 Juni. Kurudi

Teksi ya alfajiri, saa tano kamili tukawa Johannesburg. Ukitaka kwenda Lephalale usiende wikendi ya sikukuu, beba pesa taslimu ndogondogo, na fika kabla ya jua kuzama. Kwa siku zote hizo, mbali na ndege, nilitumia randi 3,900, karibu shilingi 558,000, chakula na zawadi ndani yake.

Jioni nilirudisha koti sokoni. Mama alilinusa akakunja uso: lilikuwa bado na salfa ya Secunda. Akauliza kama nimeyaona hayo mafuta ya makaa. Nikamwambia nimeyaona. "Na yale mengine, ya kule mbali?" Nikamwonyesha picha ya sakafu nyekundu, akaitazama muda mrefu bila kusema kitu, kisha akanifungia sombe ya njiani.

Jumatatu, 1 Julai. Darasani

Shule imefunguliwa. Aliyeniuliza swali lile sasa yuko kidato cha nne. Niliweka mezani kipande cha makaa ya Ngaka, na pembeni yake chupa ya maji, nikaandika hesabu ya haidrojeni ubaoni, nikawasimulia Secunda, Mokolo, na vyumba vya kuku. Nilidhani watauliza habari za ndege.

Yeye akanyoosha kidole. "Mwalimu, kwetu mto upo. Ngaka unaingia Ruhuhu, na Ruhuhu unaingia ziwani. Kwa hiyo sisi tunaweza?"

"Ngaka una maji kiasi gani kiangazi?" nikamuuliza.

Hakuna aliyejua, na mimi sijui. Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mto ukiwa mdogo kuliko wakati wowote, tutakwenda na kamba, kipande cha mti cha kuelea na saa ya mkononi, tuupime. Mkuu wa shule ameshatoa kibali, na mzazi mmoja mwenye lori la makaa ameahidi kutupa usafiri siku atakayokuwa anarudi tupu.